Antena ipande, bei isipande

Ndugu vijana wa Kalubwe, wa Gambela, wa Makutano, wa Golf, na ninyi wote wa komine Lubumbashi wenye munalipa intaneti ya nyumba kila mwezi:

Angalieni juu. Si mbali, paka kwenye ukuta wa nyumba yenu. Kile kisahani cheupe chenye kinaangalia upande wa munara, kiko kwenye urefu gani? Kama kiko pale ngazi ya teknisie ilifikia, basi munajua tayari shida yenu inatoka wapi. Hakuna mutu alipima. Ngazi njo iliamua.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu limekuwa desturi, na desturi hii inakula feza za watu wenye hawana feza nyingi. Inaenda hivi. Munalipa feza ya kuungwa. Teknisie anakuja na pikipiki, ngazi fupi, waya na antena moja. Anaifunga kwenye ubao wa mwisho wa paa, anaizungusha, taa zinawaka, anafungua video moja kwenye simu yake, anasema "inatembea muzuri", munasaini. Wiki za kwanza ni sherehe. Kiisha mvua ya mwezi wa 11 inaanguka, majani yanajaa kwenye miti, na intaneti inaanza kwenda na kurudi sawa kuran. Munapiga simu. Munangojea. Munapiga tena. Mwisho teknisie mwingine anakuja, anaangalia juu, anatikisa kichwa: "Papa, antena yenu iko chini. Inaomba nguzo."

Nani aliiweka chini? Si papa. Lakini nguzo, waya za kuifunga, simenti na usafiri wa teknisie, vyote vinaandikwa kwenye fakitire ya papa. Na ule mwezi wenye hakuona intaneti, analipa vilevile.

Hatutaji jina la kampuni hapa. Si woga. Kisa hiki tulikisikia kwa wateja wa zaidi ya kampuni moja, na tukitaja moja, zingine zitajificha nyuma yake.

Sasa tueleze kitu chenye hawaelezaka wakati wa kuuza. Antena ya nyumba na antena ya munara zinazungumza kwa mawimbi. Mawimbi ya kazi hii, mara nyingi yale ya gigahezi 5, yanazuiliwa na ukuta, na majani yenye maji yanayameza. Kwa hiyo antena mbili zinapaswa kuonana. Lakini kuonana peke yake hakutoshi, na hapa njo watu wengi wanadanganywa, hata bila nia mbaya. Teknisie anafunga jicho moja, anaona ncha ya munara kati ya matawi mawili ya mwembe, anasema "naona munara". Mawimbi hayaendi sawa uzi. Yanaenda sawa muhogo: membamba kwenye ncha mbili, manene katikati. Kama nyumba iko kilometa 2 kutoka kwenye munara, ule unene unafika karibu mita 5 kila upande wa musitari, pale katikati ya njia, na kanuni ya kazi inasema angalau asilimia 60 yake, ni kusema mita 3, ibaki wazi kabisa. Kwa kilometa 5, unene ni karibu mita 8, na sehemu ya kuachwa wazi inakaribia mita 5.

Hizi si siri. Ni hesabu ya kwanza yenye mutu wa kazi hii anajifunza. Mufaransa mwenye eneo hilo linabeba jina lake, Fresnel, alikufa mwaka wa 1827. Miaka karibu 200, na bado tunawekewa antena kwa jicho moja.

Sasa angalia lupango ya kawaida ya Kalubwe. Nyumba ya chini, mabati yake yako mita 3 ama 4 kutoka udongo. Ukuta wa jirani uko karibu kufikia paa. Mwembe wa jirani umepita nyumba mara mbili ama tatu. Munara uko juu sana, kwa hiyo musitari wa mawimbi unatoka nyumbani ukipanda. Miti ya mbali unaipita juu. Kizuizi kibaya zaidi ni kile cha karibu: huo mwembe, huo ukuta, ama etaji mupya yenye ilisimama mwaka huu mbele yenu. Njo maana mita chache za nyongeza kwenye nyumba ya muteja zinaweza kubadilisha kila kitu. Hatuombi munara wa pili. Tunazungumza juu ya bomba la chuma la mita 6, lile lenye linauzwa nzima kwenye kila duka la vyuma, pamoja na waya tatu za kulishika. Kwa nyumba nyingi za kwetu njo kila kitu chenye kinakosekana.

Na muji wetu ni tambarare. Watu wa Bukavu wana milima. Mutu anaweka antena kwenye nyumba ya mutelemuko na anaona nusu ya muji. Kule vijana wenyewe walisimamisha rezo yao ya jamii, Mesh Bukavu, kwa kufunga vifaa kwenye mapaa ya nyumba na kuviunganisha kimoja kwa kingine. Kibera kule Nairobi, vijana wa Tunapanda walifanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya mashule. Wale hawakuwa na feza ya kampuni. Waliangalia njia ya mawimbi kwanza, kiisha wakafunga antena. Sisi hapa kilima chenye kila mutu anajua ni cha takataka za shaba, pembeni ya bomba la moshi la Gécamines lenye mita 153. Muji huu unajua sana kusimamisha vitu virefu wakati ni faida ya kampuni. Laini ya umeme kutoka Inga mupaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ilipita juu ya vichwa vya vijiji vyenye havikupata hata taa moja, kwa kuleta kuran kwa migodi. Kwa migodi, nguzo elfu na elfu zilipatikana. Kwa mama wa Gambela mwenye anatafuta kuona mutoto wake asome masomo ya chuo kikuu kwenye kompyuta, nguzo moja ni shida.

Munawezekana kusema: lakini iko simu, mununue mega. Wenye wanasema vile hawajalipa mega za familia nzima mwezi muzima. Kijana mwenye anafanya kazi ya kutafsiri, ama kuchora mipango ya nyumba kwa muteja wa mbali, ama anafungua sibakafe ndogo pale kwenye lupango ya wazazi, hawezi kuishi na mega za kupima kwa kijiko. Waya za simu za zamani za OCPT zilikufa. Wengi wetu hatukuwahi kusikia simu ya nyumba ikilia. Nyuzi za kioo zinapita barabara kubwa kabla ya kufika kwenye vichochoro vyetu. Na kuhusu Starlink: ARPTC iliikataza mwezi wa 3 mwaka 2024, kiisha mwezi wa 5 mwaka 2025 ikaipa ruhusa. Muzuri. Lakini ile nayo inaomba anga wazi bila miti, na mutu anaanza kwa kununua kifaa. Kwa nyumba nyingi za komine hii, antena ya ukutani njo mulango wenye uko. Kwa hiyo mulango huo ufunguke sawasawa.

Tunajua jibu la kampuni, tulilisikia uso kwa uso. Wanasema: "Nyumba ni ya muteja, nguzo ni ya muteja." Tena wanasema kwamba wakiweka nguzo kwa kila mutu, bei ya kuungwa itapanda hata kwa yule mwenye anakaa karibu na munara na hana haja ya nguzo.

Hoja ya pili ina uzito, hatuifichi. Yule wa karibu asilipe juu ya yule wa mbali bila sababu. Lakini hatukuomba nguzo kwa kila mutu. Tunaomba kipimo kwa kila mutu. Mupime kabla ya kupokea feza. Kama nyumba inaomba mita 2 juu ya paa, museme leo, bei ikiwa mezani, muteja akubali ama akatae. Kama nyumba haiwezi kushika rezo hata kwa mita 6, museme hapana na mumuache abaki na feza zake. Chenye tunakataa ni kuuza kwanza na kupima nyuma, kwa sababu nyuma muteja amekwisha kulipa, hana nguvu ya kukataa, na nguzo inakuwa kodi ya kutokea gerezani.

Hoja ya kwanza haisimami kabisa. Someni kontra zenu. Mara nyingi imeandikwa wazi: antena ni mali ya kampuni, muteja akiacha kulipa ama akihama, wanaishusha na kuibeba. Basi kitu ni chao, kinabebwa na nguzo, kinaleta feza kwao kila mwezi. Juu ya nini nguzo tu njo iwe yetu? Wakati wa kuhama, wanabeba antena na kutuachia chuma kwenye paa lenye matundu. Kama nguzo ni ya kulipiwa na sisi, wakate bei yake kidogo kidogo kwenye abonema. Kama hawataki kukata, nguzo ni yao na waje nayo.

Tena kuna watu wenye wanapanga nyumba, na katika komine yetu ni wengi. Mwenye nyumba hapendi matundu kwenye mabati yake, na ana haki: tundu moja bila kuzibwa muzuri, mwezi wa 1 mvua iko ndani ya chumba cha kulala. Kwa yule, nguzo isimame chini, pembeni ya ukuta, ndani ya simenti kidogo, ifungwe kwa ukuta bila kugusa paa. Inawezekana. Inaomba saa moja zaidi ya kazi. Lakini teknisie analipwa kwa idadi ya nyumba zenye amefunga kwa siku, si kwa saa, na hapo njo ngazi inaamua tena.

Sasa kitu chenye wateja wengi hawajui, na tunaomba mukisome polepole. Nguzo haiponyi kila ugonjwa. Kuna teknisie wenye wamegeuza nguzo kuwa dawa ya kila kitu: intaneti polepole, nguzo, intaneti inakatika usiku, nguzo, modemu imekufa, nguzo. Mupime wenyewe. Antena nyingi zina ukurasa wake wenye unaonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa mbele. Namba ikikaribia sifuri ni muzuri zaidi. Ikiwa karibu na -60, antena inasikia munara vizuri. -70 inavumilika. Ikishuka kwenye -80, antena inatega sikio sawa muzee mwenye anasikiliza redio ya jirani. Mwombe teknisie awaonyeshe namba hiyo siku ya kufunga, na muiandike na tarehe yake.

Kiisha muangalie tena wakati mambo yanaharibika. Kama siku ya kufunga ilikuwa -62 na leo, nyuma ya mvua, ni -79, kuna kitu kimesimama katikati ya njia ama antena imegeuka kwa upepo; hapo urefu unaweza kuwa dawa. Lakini kama namba haikubadilika, ni -62 asubuhi na -62 usiku, na kila siku saa 2 za usiku intaneti inakufa, halafu saa 8 za usiku inakimbia vizuri, urefu hauna kazi. Munara umejaa. Kampuni iliuza kwa nyumba nyingi kuliko zenye munara unaweza kubeba. Hata muweke antena juu ya bomba la Gécamines, haitabadilika. Mwenye anawauzia nguzo katika hali hiyo anawauzia chuma. Mukatae.

Na kuna jambo lenye linatukasirisha kuliko feza.

Mwenye anapanda juu ya paa ni nani? Ni kijana wa kwetu. Ana miaka 20, 22, hana kontra, analipwa kwa siku, na mara nyingi si hata mufanyakazi wa kampuni bali wa mutu mwenye alipewa kazi na mutu mwingine. Tunawaona kila siku: ndara miguuni, hakuna kofia ya kazi, hakuna mukanda wa kujifunga, mukono mumoja unashika nguzo ya chuma ya mita 6 na mukono mwingine unatafuta muti wa kushika. Mbele ya nyumba zinapita waya za SNEL, zingine zimelegea mupaka mutu anazifikia kwa fimbo. Nguzo ikimushinda ikaangukia pale, kijana hapati nafasi ya pili. Kanuni ni nyepesi na haina bei: nguzo isimame mahali penye, hata ikianguka upande wowote, haiwezi kugusa waya. Kama mahali hapo hakuna, nguzo haisimami. Basi.

Halafu radi. Kila mutu wa Katanga anajua mwezi wa 12 namna anga inapasuka. Tukiomba antena ipande, hatuwezi kunyamaza juu ya radi, kwa sababu tutakuwa tunaomba chuma kisimame juu ya nyumba zenye watoto wanalala ndani. Nguzo inapaswa kuwa na waya munene wa shaba wenye unashuka mupaka ndani ya udongo, kwenye chuma chenye kimepigiliwa chini, na udongo huo uungwe na ule wa umeme wa nyumba. Tena kizuizi kidogo cha umeme kwenye waya wa antena kabla haujaingia kwenye modemu. Hii haizuii radi kuanguka, lakini inaipa njia yenye haipiti sebuleni. Shaba! Muji wenye unatoa shaba kwa dunia nzima, na nguzo za watu wake hazina mita chache za shaba za kushuka mu udongo. Mutu akisema "tutaweka nyuma", mujibu kwamba nguzo nayo itasimama nyuma.

Kwa hiyo tunachoomba kwa kampuni zote zenye zinauza intaneti ya antena katika komine Lubumbashi ni hiki. Kipimo cha njia ya mawimbi kifanywe nyumbani kwa muteja mbele ya malipo, na karatasi yake ibaki kwa muteja: umbali mupaka munara, urefu wenye unahitajika, namba ya mawimbi siku ya kufunga. Urefu uandikwe ndani ya kontra sawa vile bei imeandikwa. Nguzo yenye inabeba mali ya kampuni iwe ya kampuni. Siku zenye intaneti haikutembea juu ya antena kuwekwa chini zirudishwe kwenye abonema. Na hakuna kijana kupanda bila mukanda, kofia na viatu, awe mufanyakazi wa kampuni ama wa mutu wa tatu, kwa sababu jina lenye liko kwenye antena ni la kampuni.

ARPTC nayo haiwezi kukaa Kinshasa ikihesabu leseni tu. Kazi yake ni pamoja na ubora wa huduma na haki za mwenye kulipa. Iweke kanuni moja ya kufunga antena kwenye nyumba, na itume watu wapime hapa, kwenye nyumba za Gambela, si kwenye vyumba vya hoteli.

Kuna wenye watacheka: vuguvugu la raia linazungumza juu ya mabomba! Sisi wenye tulikaa karibu siku 20 bila intaneti nyuma ya uchaguzi wa 30 Desemba 2018 tunajua kitu hiki kinakatwaje na kinamuumiza nani. Na wale wenye walicheka wakati watu walipoanza kulalamika juu ya RAM, ile kodi yenye ilikuwa inakula inite kwenye simu zetu tangu 2020, walinyamaza mwaka wa 2022 wakati ilifutwa. Ile nayo ilikuwa "makuta kidogo tu". Watu walihifadhi ujumbe wa simu, walionyesha namna inite zilikatwa, walisema tena na tena mupaka bunge likasikia.

Tufanye vile. Juma hili, kila mumoja apige picha ya antena yake kutoka chini, ikionyesha paa na kile chenye kiko mbele. Aandike namba ya mawimbi asubuhi na saa 2 za usiku, siku saba mufululizo, kwenye karatasi moja na tarehe. Aweke kopi ya kontra na risiti zote za nguzo. Majina ya watu yatafichwa, namba hazitafichwa. Juma lenye linafuata tutapeleka dosie kwa burgumesta wa komine, na kopi kwa ARPTC na kwa kampuni, kwa amani, mchana, mulango wa mbele.

Na tunawaomba kitu kimoja zaidi: musipande ninyi wenyewe. Picha inatosha kutoka chini. Kama jirani yako anatafuta kusimamisha nguzo jumapili hii na shemeji yake na kamba ya nguo, umuzuie, mupe maji, umuonyeshe waya zenye zinapita mbele ya nyumba yake.